Jumatano za Fundi Sentimita

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sentimita, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Lilitokana na ubishi wake. Ukimwambia akupunguzie suruali kidogo, anakuuliza kidogo ni sentimita ngapi. Ukimwambia mbili, anakupima, anakwambia hapana, ni moja na nusu, na ukiendelea kubisha anakurudishia suruali yako uipeleke kwa fundi wa kukadiria. Wateja walimnunia, wakahamia kwa wengine, kisha wakarudi kimyakimya. Nguo yake ilikuwa inakaa mwilini, hilo hata waliomchukia walilikubali.

Tena tusifichane: mtu huyu alikuwa na wivu. Alizaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Akimwona mteja wake amevaa shati la fundi mwingine, siku hiyo chai haishuki. Alipokuwa na mke, alimwonea wivu hadi muuza maziwa, kosa lake kumsalimia mkewe huku anacheka. Anacheka nini saa moja asubuhi? Mkewe alivumilia miaka saba. Mwisho akamwambia, "Baba Kishikizo, mimi si kitambaa. Huwezi kunipima kila nikitoka na kila nikirudi." Akafunga mabegi mawili, akamshika mtoto mkono, akaenda zake.

Kishikizo ndiye mtoto huyo, binti yao wa pekee. Alipokuwa anatambaa, mchezo wake ulikuwa kopo la vishikizo vya mashati, na siku moja akameza kimoja cheupe chenye matundu manne. Wazazi wakashinda siku mbili wanachungulia nepi kwa zamu. Kishikizo kilitoka salama, jina likabaki. Sasa alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu, mrefu wa sentimita mia moja thelathini na moja na nusu. Urefu huo nausema kwa uhakika kwa sababu baba yake alimpima kila Ijumaa, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa kwanza, ambao hakumruhusu mteja yeyote kuugusa.

Mambo ya wazazi hao yalifika mahakamani, na mahakama ikatoa hati ya kurasa tatu yenye muhuri. Mtoto ataishi na mama. Baba atamchukua shuleni Ijumaa saa kumi jioni na kumrudisha Jumapili saa kumi na moja. Mambo ya shule, matibabu na safari yataamuliwa na wazazi wote wawili, na wote wawili watatia saini. Fundi aliiweka hati hiyo kwenye droo ya cherehani, pamoja na chaki na bobini, na aliijua kwa moyo. Mstari wa saini ndio alioupenda kuliko yote. Kwenye siku alikuwa na mbili tu kati ya saba, lakini kwenye saini alikuwa nusu kamili, sawa na mama, na hakuna mtu wa tatu aliyetajwa.

Maana mtu wa tatu alikuwepo. Mwaka wa pili baada ya hati, mama Kishikizo aliolewa na kinyozi. Mtaa ulimwita Mkasi, ingawa siku hizi alinyoa kwa mashine kama vinyozi wote. Alikuwa mnene kidogo, mpole, wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Fundi alimtafutia kasoro kwa bidii kubwa. Angekuwa mlevi, Fundi angeshukuru. Angekuwa na mkono mwepesi, Fundi angekimbia ustawi wa jamii bila hata kufunga duka. Lakini jamaa hakunywa, hakupiga, hakufoka, na alimfundisha mtoto hesabu. Baada ya miezi mingi ya uchunguzi Fundi alipata kosa moja tu, akalitangaza kwa kila aliyekuja kupimwa: "Suruali zake zinamzidi sentimita mbili. Anaburuza."

Kishikizo alimwita Anko. Fundi alilitegea sikio neno hilo kila wiki, akiogopa siku litakapobadilika. Na alipompima na kukuta ameongezeka, hakufurahi moja kwa moja kama baba wengine. Alijiuliza nusu sentimita hiyo imeota wapi. Kwa vyovyote imeota kule, katikati ya wiki, mtu mwingine akiangalia.

Sasa sikilizeni alivyojiponza. Ijumaa moja binti alikuja kichwa kimenyolewa vizuri, shingoni pamechongwa. Fundi hakuulizwa. Jumatatu yake akaacha koti la watu kwenye cherehani, akaenda hadi duka la kinyozi, akaingia na kumfokea Mkasi mbele ya wateja watano, mmoja kanyolewa nusu. Nywele za mwanangu nani kakupa? Kibaya zaidi, kwa hasira alisahau kwamba mkononi ameshika mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule mkubwa. Wateja hawakusahau. Walivyosimulia, ulikuwa panga.

Mama Ustawi, yaani afisa wa ustawi wa jamii aliyesimamia faili lao, alimwita ofisini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, miwani shingoni kwa kamba. "Fundi," alisema, "sikufungi wala sikutukani. Lakini ukionekana tena pale siku isiyo yako, bila makubaliano, nitaiandikia mahakama. Mwanao utakuwa unamwona hapa, Jumamosi, kwa saa mbili tu, kwenye kiti hicho." Akaonyesha kiti cha plastiki kando ya kabati la mafaili. Fundi alikitazama. Mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Tangu siku hiyo hakukanyaga dukani kwa Mkasi. Ila Jumatano zilimshinda. Jumatano mama yake Kishikizo, aliyekuwa mpishi wa chuo, aliingia zamu ya jioni, na mtoto alikaa dukani kwa kinyozi tangu saa tisa, maana siku hiyo shule ilitoka mapema, hadi giza. Jioni nzima na mtu yule! Fundi alifunga cherehani saa kumi kasoro, akapita njia ya nyuma, akasimama ng'ambo ya barabara chini ya turubai la muuza nguo za mitumba, katikati ya makoti yaliyotundikwa. Kutoka pale aliona ndani ya duka la kinyozi vizuri kabisa. Alimwona binti yake kwenye benchi la wateja, daftari mapajani, pua karibu iguse karatasi. Alimwona anainuka kwenda kusimama chini kabisa ya televisheni, shingo juu. Alimwona Mkasi akimwambia jambo, wakacheka wote. Fundi naye alisimama na makoti yake, roho inamuuma, akijiambia anahakikisha usalama wa mtoto.

Mara nyingine Kishikizo alitoka mlangoni, akatazama ng'ambo, moja kwa moja kwenye turubai. Lakini binti aligeuza uso bila hata kukunja jicho, akarudi ndani. Fundi hakujua ashukuru kwa kutoshikwa au aumie. Aliumia.

Na Ijumaa ilimtonesha palepale. Saa kumi kengele ikilia, wazazi walijipanga ng'ambo ya geti la shule, watoto wakatoka wakitimua vumbi, kila mmoja akimkimbilia wake. Kishikizo hakukimbia. Alisimama getini na mkoba wake, akatazama kundi la watu polepole, akamtazama baba yake waziwazi, kisha akatazama pengine. Mpaka Fundi avuke, amwite, ndipo anatabasamu. Lakini Jumapili kwenye kituo cha mafuta, walipokabidhiana, Mkasi alifika na pikipiki yake, akapiga honi mara tatu akiwa bado mbali, na mtoto akachomoka mkononi mwa baba yake kama aliyefunguliwa kamba. Wiki baada ya wiki. Fundi alirudi kwake na begi tupu la wikiendi, akijikaza kisabuni, na jioni hiyo kila mshono ulikwenda upande.

"Mimi ninakwenda mwenyewe kwa miguu, nimepiga pasi shati, hanikimbilii," alimwambia jirani yake, fundi viatu. "Yule anapiga honi tu."

"Watoto wanapenda pikipiki," fundi viatu akamfariji.

"Angekuwa anapenda pikipiki, angeikumbatia pikipiki."

Jumapili moja kwenye kituo hichohicho, mama Kishikizo alikuja mwenyewe pamoja na mumewe. Alikuwa na bahasha ya khaki. Alimtuma mtoto akanunue maji dukani, akamgeukia Fundi.

"Baba Kishikizo, kuna fomu hapa ya hospitali ya macho. Wanataka kumpima mtoto. Kwenye faili lake wameweka ile hati, kwa hiyo wanataka saini zote mbili. Yangu nimeshaweka."

"Macho yana nini?"

"Haoni vizuri mbali. Mwalimu anasema ananakili ubaoni makosa matupu. Wiki iliyopita nusura agongwe na baiskeli."

"Nani kasema haoni?"

Mama Kishikizo akasita. Mkasi, ambaye alikuwa anafuta kioo cha pikipiki kisichokuwa na vumbi, akajibu kwa upole, "Mimi ndiye niliyegundua, Fundi. Pale dukani televisheni iko juu. Kila akitaka kuangalia lazima aende kusimama chini yake. Nikamwambia anisomee bango la mitindo ya nywele akiwa kwenye benchi. Akaanza kubahatisha."

Nawaambia, kama Mkasi angejua kilichomo ndani ya kifua cha yule bwana, angesema ni mwalimu aliyegundua. Fundi aliona giza. Amempima mtoto huyu mabega, mikono, kiuno, shingo, wiki hadi wiki, miaka. Anajua bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa nusu sentimita kwa sababu ya mkoba. Halafu mnyoa nywele aje amwambie mtoto wake ana nini!

"Huyu mtoto ndiye anayenitia uzi kwenye sindano," alisema, sauti ikipanda. "Mimi mwenyewe macho yamechoka, natumia miwani na bado nashindwa. Yeye anachukua sindano namba tisa, tundu lake hata nzi hapiti, anatia uzi mara moja. Mara moja! Hakuna mtoto mwenye macho kama hayo mtaa mzima. Leo mnaniambia haoni?"

"Hospitali ndiyo itakayosema," mama Kishikizo akasema. "Wewe tia saini tu wapime."

"Nitie saini kwamba mwanangu ana kasoro na mimi sikuiona? Halafu karatasi hiyo iende kwa nani? Mahakamani? 'Baba hafuatilii afya ya mtoto.' Mnanifanya mjinga."

"Hakuna mtu anayekufikiria wewe hapa!" mama Kishikizo akasema, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe. Fundi aliirudisha bahasha, akamkumbatia mtoto aliyerudi na chupa ya maji, akaondoka.

Wiki tatu fomu ilikaa bila saini. Walimpigia simu, akasema atafikiria. Mwalimu alimhamishia Kishikizo dawati la mbele, karibu na mlango. Kila Jumamosi Fundi alimpa mtoto sindano, namba tisa, halafu namba kumi, halafu ile nyembamba ya kushonea hariri, na kila mara uzi ulipita. Alijihisi mtu wa haki. Alikuwa na saini moja duniani yenye nguvu, na aliishikilia kwa meno.

Mama Ustawi akawaita wote Alhamisi asubuhi. Ofisini waliketi Fundi, mama Kishikizo na mtoto katikati. Mkasi alibaki kwenye benchi la korido kwa sababu hati haikumtaja. Fundi alivaa suti. Kabla hajaulizwa, alisimama.

"Mama, mimi sina maneno mengi. Nimekuja na ushahidi." Akageuza ukosi wa koti, ambako mafundi huchomeka sindano zao, akachomoa moja. Akatoa mfukoni uzi mweusi, akaukata kwa meno. "Kishikizo, mama, hebu tia uzi."

Kishikizo aliinua sindano hadi karibu na pua, akalamba ncha ya uzi, akatia. Uzi ulipita kama ulikuwa unajua njia. Fundi aligeuka huku na huku, meno yote nje, akaiinua sindano juu kama mtu aliyeshinda kombe.

"Mara moja!" alisema. "Haya, nani haoni?"

Mama Kishikizo alishika tama. Mama Ustawi alivaa miwani yake, akamtazama mtoto, kisha akauliza kwa sauti ileile ya chini, "Mwanangu, ile kalenda pale ukutani, juu ya kabati, ina picha ya mnyama gani?"

Kishikizo alitazama ukutani. Alikunja macho. Alisogeza kichwa mbele. Kisha, kwa adabu, kama mtoto anayeogopa kumwangusha mkubwa, akauliza, "Kalenda gani?"

Kalenda ilikuwa kubwa kama mlango wa dirisha. Ilikuwa na tembo.

Fundi alibaki amesimama, sindano juu, uzi unaning'inia. Aliitazama kalenda, akamtazama mtoto, akaitazama kalenda tena. Kwenye chumba chake cha ushonaji kila kitu kilikuwa umbali wa mkono: cherehani, meza, pasi, daftari, kopo la vishikizo. Hakukuwa na kitu cha kuonwa mbali. Alikaa chini taratibu, na kiti alichokikalia kilikuwa kile cha mguu mfupi, hakukumbuka hata kukichagua.

"Kishikizo," alisema. "Ijumaa ukitoka shuleni. Ukisimama pale getini. Unaona nini?"

"Naona watu."

"Mimi huwa unaniona?"

"Naona watu wengi, Baba. Wote wana rangi rangi. Nangoja uniite."

"Na Anko je? Jumapili?"

"Anko anapiga honi mara tatu. Nikisikia tatu najua ni yeye."

Aliyekuwepo chumbani angeona uso wa yule bwana ukibadilika mara mbili. Kwanza ulichanua, kwa sababu mtoto wake hakuwa amemkataa hata siku moja. Mwaka mzima wa kuumia kwa kitu ambacho hakikuwepo. Halafu ukasinyaa, kwa sababu wiki tatu za mwaka huo mtoto alikaa gizani kwa ajili ya saini yake. Aliomba fomu. Akajipapasa mifuko ya suti yote minne. Alikuwa na chaki, futi kamba na kitambaa cha mkononi.

"Kalamu," alisema.

Mama Kishikizo hakuwa nayo, na ya Mama Ustawi ilikuwa imekauka. Mlango ukafunguliwa kidogo, na kutoka kwenye benchi la korido mkono mnene ukapitisha kalamu ya bluu. Hata kalamu! Fundi aliipokea kwa ncha za vidole, akatia saini, akairudisha bila kusema asante. Alikuwa na aibu, lakini wivu haukuwa umeondoka, ulisogea pembeni tu.

Hospitali walikwenda wazazi wawili, mtoto katikati. Mkasi alibaki dukani, na Fundi alilifurahia jambo hilo kuliko inavyopaswa. Daktari alimweka Kishikizo mbele ya ubao wa herufi, na mtoto alipofika mstari wa tatu akawa anataja herufi za kujitungia. Akapewa namba ya miwani. Fundi alichagua fremu nyekundu, mama akachagua ya kahawia, mtoto akachukua ya bluu. Wakaambiwa itakuwa tayari Jumanne. Jumanne ilikuwa siku ya mama.

Kwa hiyo Kishikizo angevaa miwani yake Jumanne, Jumatano na Alhamisi, watu wote wamwone, na Fundi amwone Ijumaa, wa mwisho. Kinyozi atakuwa wa kwanza kuonwa na macho mapya ya mwanangu, alijiambia. Alishona mkono wa kushoto wa shati mahali pa wa kulia, akaufumua. Jumatano saa tisa na nusu alishindwa kabisa. Akafunga cherehani, akapita njia ya nyuma, akajipenyeza kwenye makoti ya muuza mitumba kama kawaida yake, akatoa kichwa kidogo.

Mtu mwerevu wa vipimo, hakukosea hata nusu sentimita maishani, na hakuwahi kujiuliza miwani ile ilikuwa ya kazi gani.

Kishikizo alikuwa kwenye benchi, ameegemea ukuta kama mtu mzima, anatazama televisheni akiwa mbali. Fremu ya bluu ilimpendeza. Fundi alikubali kwamba nyekundu ingemkomaza. Kisha mtoto alitoka mlangoni. Akaanza kusoma barabara nzima kwa sauti. "Duka la Dawa. Fundi Simu. Usikojoe Hapa." Akacheka. Kichwa kikageuka polepole, kikafika kwenye turubai, kikasimama.

"Baba!"

Fundi akarudi nyuma ndani ya makoti.

"Baba! Nakuona! Umevaa shati la michirizi! Kishikizo cha pili kimekatika!"

Barabara nzima ikageuka kumtafuta huyo baba. Muuza mitumba akasogeza koti moja pembeni ili watu waone vizuri. Fundi akasimama wazi, mkono kifuani pale kishikizo kilipokatika, fundi mzima, mbele ya watu. Mbele ya macho yake hakuona barabara. Aliona kiti cha plastiki chenye mguu mfupi, na Jumamosi za saa mbili mbili.

Mkasi akatoka, mashine mkononi, bado inanguruma. Akaizima. Akamtazama Fundi ng'ambo.

"Vuka basi, Fundi," alisema. "Mwanao anakuita."

"Leo Jumatano," Fundi akajibu.

"Najua ni Jumatano. Na ile ya wiki iliyopita ilikuwa Jumatano. Na ile ya mvua pia, ulipojifunika koti la kike." Akaonyesha nyuma yake kwa kidole gumba. Ukuta wa duka, kutoka pembe hadi pembe, ulikuwa vioo, na ndani ya vioo hivyo barabara yote ilionekana, turubai, makoti, na Fundi mwenyewe amesimama kama sanamu la dukani. "Mimi nanyoa nikiwa nimekupa mgongo, lakini nakuona tangu mwaka jana."

"Hukumwambia Mama Ustawi?"

"Nimwambie nini? Kwamba mtu anamwangalia mtoto wake?" Mkasi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Vuka. Haya ndiyo makubaliano yenyewe, mimi na mama yake tumeshasema. Ila mkasi uache kwako."

Fundi alivuka. Njia nzima alimchukia yule mtu kwa wema wake, maana kumchukia kwa ubaya kungekuwa rahisi zaidi. Alitazama chini, akaona suruali ya Mkasi inaburuza vumbi, sentimita mbili kamili, na safari hii hakuipata ile raha yake ya kawaida. Lete hiyo suruali Ijumaa, alisema kwa sauti ya chini, kama anayekiri kosa. Mkasi akasema haya.

Kishikizo alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye benchi, akamkalisha. Akamwangalia uso kwa karibu, kisha akarudi hatua tatu, akamwangalia kwa mbali, akarudi tena karibu. "Una mvi hapa," alisema. "Na hapa. Sikujua." Halafu akafikiri, na Fundi alijua swali linakuja.

"Baba, ulikuwa unakuja siku zote?"

"Kila Jumatano."

"Mbona hukuniita?"

Fundi aligeuza ukosi wake, akachomoa sindano, akatoa uzi na kishikizo cha akiba mfukoni, akajaribu kutia uzi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikashindikana.

"Nilidhani unaniona, mama," alisema.

Kishikizo akamnyang'anya sindano. Akaipandisha miwani kwenye paji la uso, akalamba uzi, akatia mara moja. Kisha akaishusha miwani machoni, akabaki anamtazama baba yake wakati anashona.